Jinsi ya Kuomba Takwimu za Uwiano wa Kijinsia katika Ajira za Kaunti ya Lamu

Matangazo ya kazi za kaunti hupenda kumalizia kwa maneno kwamba wanawake na watu wenye ulemavu wanahimizwa kutuma maombi. Iwapo himizo hilo lilitimizwa, raia hawezi kujua mpaka aombe hesabu, na haki ya kuiomba amepewa na kifungu cha 35 cha Katiba pamoja na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016.

Barua huandikiwa Katibu wa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, kwa Kiswahili au Kiingereza, nawe hulazimiki kueleza unazitakia nini habari hizo. Asiyeweza kuandika husema kwa mdomo, na afisa ana wajibu wa kuliandika ombi lake na kumpa nakala.

Penye kuhitaji uangalifu ni namna ya kuuliza. Ukiuliza tu wanawake wangapi wameajiriwa, utajibiwa kwa jumla moja, na jumla huficha mengi: wauguzi na walimu wa chekechea wanaweza kuifanya orodha ionekane sawa ilhali safu ya wakurugenzi imejaa wanaume, wakati kifungu cha 232 cha Katiba kinataka nafasi sawa katika ngazi zote za utumishi wa umma. Kwa hivyo taja tangazo na tarehe yake, kisha uombe, kwa kila daraja la kazi, idadi ya wanawake na wanaume walioomba, walioitwa kwenye mahojiano na walioajiriwa. Ikiwa wanawake walioomba ni wachache, pengine tangazo halikufika mbali, kama Kizingitini kisiwani Pate. Ikiwa waliitwa wengi wakaajiriwa wachache, swali ni la jopo la mahojiano. Majina ya waombaji usiyaombe, kwani faragha yao inalindwa.

Peleka nakala mbili, yako ipigwe muhuri wa kupokewa, kwa kuwa siku 21 za kujibiwa huhesabiwa kuanzia hapo. (Anayetoka Faza, kisiwani Pate pia, ambaye safari yake ya mashua hungoja maji yajae katika mlango wa bahari wa Mkanda, ni afadhali atume barua pepe na kuhifadhi jibu la kupokewa.) Ombi halilipiwi, ila gharama ya kunakili yaweza kutozwa. Habari zikiwa nyingi, muda unaweza kuongezwa mara moja, usizidi siku 14.

Usipojibiwa, sheria huhesabu kimya hicho kuwa ni kukataliwa, nawe una siku 30 za kuomba mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huijua kama afisi ya Ombudsman. Takwimu zikionyesha ubaguzi, lalamiko hupelekwa kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa. Lakini ikiwa wewe mwenyewe ndiwe uliyenyimwa kazi, usingoje takwimu: rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma huwasilishwa kwa maandishi ndani ya siku 90 tangu uamuzi wa bodi, na siku hizo hazisimami kwa sababu barua yako nyingine haijajibiwa.