Kifuniko cha tangi la mafuta kikigoma, usikimbilie koleo

Magari mengi ninayoletewa kwa shida hii huwa yameshapata majeraha: kifuniko kimetafunwa na koleo, rangi pembeni imechubuka, na bado hakijafunguka. Mwenye gari alitumia nguvu kabla ya kujua kimeshikwa na nini. Kwa kawaida ni presha ndani ya tangi, mpira wa kifuniko uliogandamana au kitasa, na dawa ya kimoja haitibu kingine.

Hatua ya 1: Andaa mahali

Zima injini, weka moto mbali, kisha gusa bodi ya gari kwa mkono mtupu ili umeme tuli ukutoke. Mvuke wa petroli unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo asubuhi yenye ubaridi si kinga. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hushuka na kutuama chini. Usifanye kazi hii gari likiwa juu ya shimo la gereji.

Hatua ya 2: Sikiliza tangi

Gari likikaa juani, petroli hutoa mvuke mwingi na presha hupanda. Lisogeze kivulini, lipe nusu saa. Kisha weka uso pembeni, sukuma kifuniko kwa ndani kwa kiganja huku ukikizungusha kidogo tu. Ukisikia "fsss", simama hapo hapo mpaka sauti iishe, ndipo uendelee. Anayekifungua kwa mkupuo mmoja anaweza kurushiwa petroli machoni.

Ila sauti hiyo ina pande mbili, na hapa hata mafundi hujichanganya. Pampu inapovuta mafuta, lazima hewa iingie tangini kuziba pengo. Njia ya hewa ikiziba, tangi hunyonya na kukivuta kifuniko chake. Mimi hushika kipande chembamba cha karatasi karibu na ukingo wa kifuniko kinapoanza kulia. Karatasi ikisukumwa nje, tangi lina presha. Ikivutwa ndani, tangi linakosa hewa. Dalili nyingine ya kukosa hewa: gari linazima baada ya mwendo, ukifungua kifuniko linawaka kama hakuna kilichotokea. Usilipuuze hilo, maana tangi linaweza kubonyea.

Hatua ya 3: Mpira uliogandamana

Kama hakuna presha na kifuniko bado hakisogei, kizungushe kwanza kidogo upande wa kukaza, halafu upande wa kufungua. Rudia taratibu hadi mpira uachie. Mkono ukiteleza, funga kipande cha tyubu ya zamani kukizunguka, au tumia mkanda wa kufungulia filta ya oili.

Kifuniko kikizunguka bure bila kutoka, kikandamize kwa ndani huku unazungusha, meno yake huenda yakashikana. Yakikataa, ganda la nje limevunjika, mwachie fundi alibandue kwa kabari ya plastiki. Drili usiilete karibu: mota yake hutoa cheche na vipande huangukia tangini. Moto wa kulainisha mpira sitauzungumzia kabisa.

Hatua ya 4: Kitasa na kijilango

Ufunguo ukigoma, weka unga wa grafaiti au dawa ya silikoni. Oili nzito hukusanya vumbi, na mwezi ujao utarudi pale pale.

Kijilango cha nje kisipofunguka, fungua kwanza loki za milango, maana magari mengi huviunganisha. Kama kinatumia kebo, mtu avute mkono wa kufungulia huku wewe unakigongagonga kwa kiganja. Magari kadhaa yana kamba ya dharura ndani ya buti, nyuma ya pazia la upande wa tangi.

Haibridi (magari ya petroli na umeme) za kuchaji kwa plagi ni habari nyingine. Nyingi zina tangi lililofungwa kabisa, hivyo unabonyeza kitufe na kusubiri gari litoe presha lenyewe. Huo si ubovu.

Hatua ya 5: Tafuta chanzo

Mlio mdogo ni wa kawaida. Mkubwa unaojirudia hauponi kwa kununua kifuniko kipya, hasa ukinunua cha aina isiyo ya gari lako. Angalia kopo la mkaa linalonyonya mvuke, valvu zake na mabomba yake. Wanaoendelea kujaza baada ya pampu ya kituoni kukata ndio wanaoliua kopo hilo, kwa sababu petroli yenyewe huingia mahali palipotengenezewa mvuke tu.

Taa ya injini ikiwaka na mashine ya kupimia ikitoa P0455 au P0457, yaani namba za hitilafu za mvuke wa mafuta kuvuja, anza na kifuniko: futa mpira, kaza hadi kilie "kra kra". Taa inaweza kuchukua safari kadhaa kabla ya kuzimika.

Bomba la kupumulia nalo lichunguze mpaka mwisho wake. Mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliyaita magari ya Mazda6 nchini Marekani yarudi kurekebishwa kwa sababu buibui walikuwa wakifuma utando ndani ya bomba hilo, na tangi lililokosa hewa lingeweza kupasuka.