Somo: Rangi ya jezi ya refa wa mchangani, kuanzia siku moja kabla ya mechi hadi filimbi ya kwanza

Wadau, salaam. Wiki iliyopita kijana mmoja aliyemaliza kozi ya uamuzi juzi tu alinipigia simu akiwa uwanjani, zimebaki dakika kumi mechi ianze. Timu moja imevaa nyeusi, nyingine njano, na mkobani mwake mna jezi mbili: nyeusi na njano. Nilimwambia aazime kizibao cha mazoezi cha rangi ya chungwa, akivae juu ya ile nyeusi, mechi ichezwe. Mengine nikaahidi kuyaandika, na ndiyo haya.

Tuanze na sheria yenyewe, maana hapa watu wengi hubishana kwa mazoea. Sheria ya 4 ya soka inataka timu mbili zivae rangi zinazotofautiana, na rangi hizo zitofautiane pia na za waamuzi. Kila kipa naye atofautiane na wachezaji wengine na waamuzi. Kwa hiyo kabla hujapuliza filimbi unahesabu rangi tano: timu hii, timu ile, kipa huyu, kipa yule, halafu wewe na wasaidizi wako. Nafuu iliyoandikwa ni moja tu: makipa wawili wakifanana na hakuna mwenye jezi nyingine, unaruhusu mechi ichezwe. Kuhusu refa kuvaa nyeusi, sheria haisemi kitu. Rangi yako huamuliwa na wenye mashindano, na mashindano ya mtaani mara nyingi hayana la kusema, kwa hiyo mzigo unabaki kwako.

Kwa nini nalishikia bango? Mchezaji mwenye mpira hana muda wa kutazama sura. Anainua kichwa mara moja, anaona rangi kwa pembe ya jicho, anapiga. Mwaka wangu wa pili na filimbi nilivaa nyeusi kuchezesha timu iliyovaa bluu ya wino. Kipindi cha kwanza jua lilikuwa kali, hakuna aliyelalamika. Kipindi cha pili jua likashuka nyuma ya minazi, na kiungo wao akanipa pasi. Pasi safi kabisa, ya chini, mguuni. Ikanigonga ugokoni, ikamfikia mshambuliaji wa wapinzani, naye hakuuliza. Enzi hizo refa alihesabiwa kama nguzo, mpira ukimgonga mchezo unaendelea. Nikaonyesha katikati, na jioni ile nikasindikizwa hadi kituo cha daladala kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Tangu 2019 sheria imebadilika. Mpira ukikugonga ukabaki uwanjani, kisha timu ikaanzisha shambulizi la hatari, au mpira ukabadilisha timu, au ukaingia golini moja kwa moja, unasimamisha na kudondosha mpira. Umeokoka na lawama ya goli, lakini shambulizi la watu umeshaliharibu, na chanzo ni fulana yako.

Hatua ya 1: Ulizia rangi siku moja kabla, na usikubali jina la rangi

Wapigie makocha au manahodha wote wawili. Ukiuliza "mnavaa nini kesho?" utajibiwa "bluu", na bluu inaanzia samawati ya shati la shule hadi ile ya wino iliyonipeleka kituoni. "Nyekundu" ya mtu nayo inaweza kuwa damu ya mzee, ambayo kwa mbali ni nyeusi tu. Omba picha kwa WhatsApp: jezi ya wachezaji wa ndani na ya kipa, mbele na mgongoni, pamoja na bukta na soksi. Mgongo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Jezi nyingi za mistari zina mgongo wa rangi moja, na wewe muda mwingi unawaona wachezaji kwa mgongo.

Ukishapata picha, zigeuze ziwe za nyeusi na nyeupe humohumo kwenye simu, kisha ziweke pamoja na picha ya jezi yako. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Nyekundu na kijani zinazopigana machoni zinaweza kutoka kijivu kimoja hukohuko. Kinachotenganisha watu uwanjani kwa haraka ni mwanga na giza: mmoja wa jezi iliyoiva, mwingine wa jezi nyeupe au ya rangi inayong'aa. Fikiria mechi ya watani: Simba nyekundu na Yanga kijani, katika picha ya kijivu zinakaribiana sana. Yanga akivaa njano, shida imekwisha.

Kuna na suala la saa. Mechi zetu zinaanza saa kumi, zikichelewa zinamalizikia kwenye giza la magharibi. Mwanga ukipungua, nyekundu ndiyo hutangulia kugeuka nyeusi machoni. Jezi nyekundu na refa aliyevaa nyeusi saa kumi ni sawa. Saa kumi na mbili kasoro robo si sawa tena.

Hatua ya 2: Mkoba

Jezi mbili ni lazima, ya tatu ni raha. Mimi ningeanza na njano inayong'aa kabla ya nyeusi, na najua wazee wa kazi watanipinga. Sababu yangu ni hii: timu za mtaani zinapenda jezi zilizoiva kwa sababu hazionyeshi vumbi, kwa hiyo nyeusi yako itagongana mara nyingi zaidi. Ya pili ndiyo nyeusi. Ya tatu nachagua samawati au zambarau, rangi ambazo timu chache huvaa. Bukta nyeusi na soksi nyeusi zinatosha kwa zote tatu.

Huna hela ya jezi za dukani? Nunua fulana nzito isiyo na maandishi, mpelekee fundi cherehani aweke mifuko miwili ya kifuani yenye vifuniko. Mwambie mfuko uizidi kadi kwa kidole kimoja kila upande. Kadi ikibana utahangaika nayo mbele ya mtu mwenye hasira. Rangi zisizochuja, tafadhali. Nyeusi iliyofuliwa kwa jiki inakuwa ya ugoro, na refa wa rangi ya ugoro hafanani na kitu chochote kile, hata na wasaidizi wake.

Hatua ya 3: Fika mapema, uwaone kwa macho

Picha ya jana si jezi ya leo. Seti imelowa, mtunza vifaa kasafiri, wamekuja na nyingine. Fika walau saa moja kabla. Msimamishe mchezaji mmoja wa kila timu na makipa wote wawili kwenye mstari wa goli, wewe rudi hadi duara la kati, kisha finya macho hadi sura zipotee. Wakibaki watu wanne wa rangi nne, mwite mshika kibendera wako asimame kati yao akiwa na jezi yenu. Rangi tano? Endelea.

Hatua ya 4: Nani abadilishe?

Kama kanuni za mashindano zimeandikwa, zifuate. Kwa kawaida timu mgeni, au iliyotajwa ya pili kwenye ratiba, ndiyo inayobadilisha. Kanuni zisiposema, rusha shilingi mbele ya manahodha wote, kelele ziishe palepale. Kama anayegongana ni wewe na timu, badilisha wewe. Usiwavue watu kumi na mmoja kwa ajili ya mmoja. Kama ni wewe na kipa mmoja, bado badilisha wewe, isipokuwa kipa ana jezi ya pili mkononi.

Hatua ya 5: Vidogo vinavyosahaulika

Wasaidizi wako wavae kama wewe. Akiba wanaopasha misuli wavae vizibao visivyofanana na timu yoyote wala na nyinyi, maana wanasimama karibu kabisa na mshika kibendera. Fulana ya ndani iwe ya rangi ya mkono wa jezi. Suruali ya kubana chini ya bukta ifanane na bukta, na timu nzima ivae rangi moja. Plasta juu ya soksi iwe ya rangi ya soksi. Kitambaa cha nahodha kiwe cha rangi moja, herufi juu yake inaruhusiwa. Hapa tumia busara: kwenye bonanza, kama plasta nyeupe juu ya soksi nyeusi haimdanganyi mtu, sitasimamisha dunia.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, huku kwetu timu zikifanana moja inavua, inacheza kifua wazi. Nikatae?

Jibu: Kwenye mazoezi ya jioni, wacheze. Kwenye mashindano yenye ratiba, kataa. Sheria ya 4 inamtaka mchezaji avae jezi yenye mikono. Na kifua wazi kina shida nyingine, timu nzima haina namba, sasa kadi utaandika ya nani? Tafuta vizibao, au azima seti ya timu zinazocheza baada yenu. Usione aibu, hata Kombe la Dunia limewahi kuazima. Mwaka 1978 kule Mar del Plata, Argentina, Ufaransa na Hungary zilifika zote na jezi nyeupe. Ikabidi Ufaransa iazime jezi za mistari ya kijani na nyeupe za klabu ya hapohapo, Kimberley. Mechi ikachelewa kuanza, Ufaransa ikashinda 3-1 ikiwa na jezi za watu.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwamuzi wa kike, navaa hijabu. Nafuata rangi gani?

Jibu: Marahaba binti yangu. Sheria inapozungumzia wachezaji inasema kilemba au kitambaa cha kichwa kiwe cheusi au cha rangi kuu ya jezi, kisiunganishwe na jezi, kisiwe na kitu kinachoning'inia wala cha kuumiza mtu. Fuata hivyohivyo. Nunua cheusi, kitaendana na jezi zako zote. Pini iache nyumbani, tumia kile cha kuvaa moja kwa moja. Pete na hereni nazo ziache nyumbani, mwamuzi haruhusiwi kuvaa mapambo.

Swali: Wazee wa ligi ya maveterani wananiambia refa asiyevaa nyeusi si refa. Niwajibu nini?

Jibu: Waamkie kwanza. Kisha wakumbushe kwamba Ligi Kuu ya Uingereza ilipoanza mwaka 1992 marefa wake walivaa kijani, na Kombe la Dunia la 1994 kule Marekani marefa walivaa jezi za rangi. Kama wenyewe hawavai rangi iliyoiva siku hiyo, wavalie nyeusi yao, haikugharimu kitu.

Swali: Nimepata jezi nzuri ya refa Kariakoo, ina beji ya FIFA kifuani. Kuna ubaya?

Jibu: Jezi haina ubaya. Beji ibandue leo. Beji ile ni ya waamuzi walio kwenye orodha ya FIFA na huandikwa mwaka, kwa hiyo hata mwenye nayo halali havai ya mwaka jana. Ukiingia nayo mchangani, mtu wa kwanza kukuuliza atakuwa kocha uliyemnyima penalti, na atakuuliza kwa sauti.

Swali: Kaka, nitasema ukweli, mimi nyekundu na kijani nazichanganya tangu utotoni. Nimechezesha miaka mitatu hakuna anayejua. Niache?

Jibu: Usiache. Si peke yako, na wanaume ndio wengi zaidi wenye hali hiyo. Uwanjani wamo wachezaji wa aina yako pia, wanaotoa pasi mbovu na kuzomewa bila mtu kujua sababu. Mwambie mwenzako mmoja unayemwamini, akusaidie kukagua rangi kabla ya mechi. Sisitiza timu moja iwe nyeupe au njano. Hiyo ndiyo faida ya kipimo cha picha ya kijivu. Kadi usizichague kwa macho: njano mfuko wa kifua, nyekundu mfuko wa nyuma wa bukta, na nyekundu ikate pembe moja kidogo ili kidole kiijue kabla ya jicho.

Swali: Timu yetu ina mistari ya nyeusi na nyeupe. Refa avae nyeusi au nyeupe?

Jibu: Zote mbili hapana. Njano.

Swali: Na kama wapinzani wana njano?

Jibu: Ndiyo maana nikasema ya tatu ni samawati au zambarau. Yule kijana wangu ameshashona ya zambarau, Jumapili anaivaa.