SOMO: Leza ya kuondoa nywele kwa ngozi nyeusi, hatua kwa hatua

Tangu niseme kwamba ndevu zangu za kidevuni nilizitoa kwa leza, sina amani. Wiki hii pekee nimeulizwa "inauma?" mara kumi na moja, nyingine nikiwa na hina mkononi. Naandika mara moja. Atakayeuliza kilichomo humu nitamrudisha asome.

Mimi si daktari. Nina saluni ndogo huku Ngamiani, Tanga. Kazi yangu ni singo na hina za maharusi. Leza sina. Nilifanyiwa Dar, mara nane, karibu miezi kumi.

Inavyofanya kazi: mwanga wa leza unafuata weusi. Melanini, ile rangi ya unywele, inaunyonya mwanga, mwanga unageuka joto, joto linashuka mpaka kwenye mzizi na kuuunguza. Sasa, ngozi yetu nayo imejaa melanini hiyo hiyo. Mtego wote uko hapo. Halafu nywele hazikui kwa pamoja: kuna zinazokua, zinazojiandaa kung'oka na zilizolala. Leza inaziweza zinazokua tu. Ndiyo maana hakuna "mara moja basi".

Hatua ya 1. Kama ndevu zimekuja ghafla, au hedhi inaruka miezi, anza hospitali upimwe homoni. Usipotibu chanzo, nywele zitarudi na pesa umeshatoa.

Hatua ya 2. Uliza mashine kabla ya bei. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo mnivumilie. Kabla ya Dar nilikwenda mahali ambapo sitapataja, palikuwa rahisi. Wakaniambia ni leza. Kumbe ni IPL, taa yenye mwanga wa mchanganyiko, siyo leza kabisa. Hawakunijaribia hata sehemu ndogo. Pigo la kwanza lilikuwa kama mafuta ya sambusa yamenirukia. Nikasema inauma, nikajibiwa "vumilia, urembo una gharama", na mimi kwa ujinga wangu nikavumilia. Usiku malengelenge. Wiki iliyofuata taya langu lilikuwa na mistari kama mshikaki uliotoka jikoni, na mabaka yale yalikaa miezi mingi. Nilifunga ushungi mpaka kidevuni, wateja wakadhani nimeokoka na urembo.

Basi shikeni hili. Kwa weusi wetu mashine salama zaidi ni leza iitwayo Nd:YAG, ya nanomita 1064, yaani urefu wa wimbi la mwanga wake. Mwanga wake unazama chini zaidi na melanini ya juu ya ngozi inaunyonya kidogo. Leza ya diodi, ya kama 810, mtu wa maji ya kunde anaweza kufanyiwa na fundi anayeijua. Leza ya aleksandraiti, ya 755, waachieni weupe. Ukiambiwa tu "mashine yetu ni ya kisasa", hujajibiwa, ondoka. Dai wakujaribie sehemu ndogo kwanza, na usitosheke na siku moja, maana ngozi nyeusi inaweza kukaa kimya kisha ikatoa baka siku nyingi baadaye; mimi nilisubiri wiki mbili. Na maumivu yakizidi kipimo, sema "simamisha". Heri uonekane mwoga.

Hatua ya 3. Wiki nne kabla, usinyonyoe. Uzi, kibano, jivu, sukari ya kupika na ndimu, vyote weka kando. Unywele ukishang'oka na mzizi wake, leza haina cha kuunguza. Wembe ruhusa.

Hatua ya 4. Epuka jua wiki kadhaa kabla na baada. Kuogelea Raskazone saa saba mchana kutasubiri.

Hatua ya 5. Nyoa kwa wembe siku moja kabla.

Hatua ya 6. Siku yenyewe uso uwe safi, bila poda wala mafuta. Utavalishwa miwani, usiivue. Utasikia kama mpira wa kufungia noti unakupiga, na harufu ya nywele iliyoungua. Ngozi lazima ipoozwe, kwa jeli, kichwa cha baridi au upepo.

Hatua ya 7. Wekundu na vinundu kuzunguka nywele ni kawaida kwa saa kadhaa, hata siku moja mbili. Kitambaa baridi kinatosha. Usiweke ndimu, usisugue singo, usioge maji ya moto. Wiki moja hadi tatu zinazofuata utaona kama nywele zinaota. Hapana, zinasukumwa nje, ziache zidondoke.

Hatua ya 8. Rudia. Uso kila wiki 4 hadi 6, kwapa na miguu 6 hadi 8, jumla mara 6 hadi 8 au zaidi. Hata Marekani mashine hizi ziliruhusiwa zitangazwe kwa maneno "kupunguza kwa kudumu". Atakayekuahidi kumaliza kabisa anakuuzia maneno.

Mjamzito asubiri. Juu ya tatuu isipite. Mwenye makovu ya kuvimba, au anayemeza dawa kali za chunusi, amwone daktari wa ngozi kwanza.

MASWALI

Mrembo wa Makorora: Dada bei gani? Na inauma?

Mwandishi: Hatua ya 6. Bei waulize wenye mashine. Ukipiga simu, swali la kwanza liwe la hatua ya 2.

Msomi wa Chumbageni: Shukrani dada. Kama mwanga unafuata weusi, na ngozi iko juu ya mzizi, mbona ngozi isiungue kwanza?

Mwandishi: Swali zuri, nilimsumbua nalo daktari. Ni suala la muda. Chukua kikombe cha chai na sufuria ya pilau, vyote vya moto: kikombe kinapoa haraka, sufuria inakaa na joto. Chembe za rangi za ngozi ni ndogo, zinapoa upesi. Mzizi ni mkubwa, unachelewa. Pigo la mwanga likipimwa kwa milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde, na juu kukipoozwa, ngozi inapumua wakati mzizi unaiva. Wazo hili waliliandika watafiti Anderson na Parrish mwaka 1983 huko Boston, Marekani. IPL yangu ile ilipika kikombe.

Mjanja wa Mtandao: Mnajisumbua. Nimeagiza kifaa cha nyumbani, boksi limeandika ngozi zote.

Mwandishi: Boksi halina taya. Fungua kijitabu cha ndani uangalie jedwali la rangi za ngozi. Vingi vya vifaa hivyo ni IPL, na rangi ya mwisho, ya kwetu, imewekewa alama ya kukataza.

Mjanja wa Mtandao: Sasa mbona unafoka?

Mwandishi: Sifoki. Nina mistari.

Bibi Harusi Mstaafu: Mwanangu, zangu ni tatu tu lakini nyeupe.

Mwandishi: Shikamoo bibi. Mvi haina rangi, leza haiioni. Inayoweza ni umeme wa sindano: sindano nyembamba inaingizwa kwenye tundu la kila unywele. Inachosha kwa eneo kubwa, ila tatu si kazi. Au kibano tu bibi, hakuna dhambi.

Kinyozi Barabara ya Nane: Wateja wangu wanatoka vipele shingoni kila wakinyoa. Leza inasaidia?

Mwandishi: Inasaidia kweli kaka, Nd:YAG hutumika kwa tatizo hilo: unywele uliojikunja ukipungua, haurudi kuchoma ngozi. Ila ndevu nazo zitapungua, mteja ajue. Kabla ya hapo jaribu bure: lainisha kwa maji ya uvuguvugu, fuata unywele unakoelekea, usivute ngozi, acha vishina vifupi.

Kinyozi Barabara ya Nane: Kuvuta ngozi ndiko nilikofundishwa!

Mwandishi: Ndiyo maana wanarudi na vipele.

Msomi wa Chumbageni: La mwisho dada. Nikitoka Dar siku hiyo hiyo kwa basi, jua?

Mwandishi: Basi la mchana, kaa upande wa dereva. Kuanzia Chalinze mpaka Segera jua la alasiri liko kushoto. Mara ya pili nilikaa kushoto dirishani, pazia limekatika, nikashika khanga usoni njia nzima hadi kondakta akaniuliza nani kafiwa.