Jinsi ya Kufuatilia Chimbuko la Miale ya Kosmiki Yenye Nishati Kubwa Kupindukia

Chembe ya kosmiki, yaani chembe ndogo kuliko atomi itokayo anga za mbali, yenye nishati ya elektroni-volti (kipimo cha nishati ya chembe) 10²⁰ huangukia kilomita moja ya mraba takriban mara moja kwa karne, na kwa hiyo anayetafuta chimbuko lake hana budi kutandaza mtego mpana. Kituo cha Pierre Auger, karibu na mji wa Malargüe nchini Argentina, kimetawanya matangi zaidi ya 1,600 katika eneo la kilomita za mraba 3,000.

Anza na saa. Chembe hiyo hugonga hewa huko juu na kuzaa manyunyu ya mabilioni ya chembe nyingine, ambazo zikipenya lita 12,000 za maji safi yaliyomo gizani ndani ya kila tangi hutoa mwanga hafifu wa buluu. Tuseme tangi la pili, lililo mita 1,500 kutoka la kwanza, limeona mwanga huo mikrosekunde 2.5 baadaye. Kwa muda huo manyunyu, yanayokwenda karibu kwa kasi ya nuru, husafiri mita 750, yaani nusu ya umbali wa matangi, na hivyo yameinama digrii 30 kutoka wima, kwa kufuata mstari unaounganisha matangi hayo. Tangi la tatu, lisilo kwenye mstari huo, hukamilisha uelekeo.

Usichore bado mstari mnyoofu kwenda kwenye galaksi yoyote, kwa maana uga sumaku wa Njia Nyeupe, galaksi yetu, hupinda njia ya chembe kulingana na chaji yake, na kiini cha atomi ya chuma hupindwa mara 26 zaidi kuliko protoni yenye nishati ileile. Hapa ndipo kazi ilipo hasa. Ili kukisia chaji hiyo, tumia darubini za usiku kupima kimo ambapo manyunyu yalikolea zaidi: manyunyu ya viini vizito, vyenye chaji kubwa, hukolea juu zaidi angani.

Kisha weka mpaka wa umbali. Wanafizikia Greisen, Zatsepin na Kuzmin walionyesha mwaka 1966 kwamba mnururisho uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga hunyonya nishati ya protoni hizi, hivyo chimbuko lake haliwezi kuwa mbali sana.

Mwisho, kusanya matukio mengi. Mwaka 2017, matukio zaidi ya 30,000 ya Auger yalionyesha upande mmoja wa anga ukizidi, takriban digrii 125 kutoka kitovu cha Njia Nyeupe, ishara kwamba chembe hizo zinatoka nje ya galaksi yetu. Tukio moja pekee halitoshi: chembe ya Amaterasu, iliyonaswa Utah, Marekani, tarehe 27 Mei 2021, ilielekea kutoka kwenye eneo lenye galaksi chache mno. Ukipata jibu la namna hiyo, rudia hesabu ya mpindo kwa kiini cha chuma badala ya protoni.