Ukitaka kuonja waini nyekundu za Italia, anzia Langhe

Wadau, watu wengi wakipanga safari ya waini Italia wanataka Toscana, Veneto, Piemonte mpaka Sicilia zote ndani ya wiki moja, matokeo yake wanashinda barabarani na wakirudi hata hawakumbuki walionja nini. Ushauri wangu chagua sehemu moja, na kama nyekundu ndo unazitaka basi nenda Langhe, vilima vya Piemonte kusini ya Torino, kaa siku tatu nne uielewe zabibu moja tu inaitwa Nebbiolo. Hiyo ndo inatoa waini za Barolo na Barbaresco, zilizopewa majina ya vijiji vyake.

Fikia mji wa Alba. Kutoka Torino kuna treni, saa moja na kitu hivi, na ukiwa pale vijiji vya Barolo na Barbaresco vyote ni kama nusu saa kwa gari au chini ya hapo. Mabasi ya vijijini ni machache, jumapili ndo kabisa usiyategemee. Na gari usiendeshe mwenyewe kama unaonja, sheria yao ni gramu 0.5 za pombe kwa lita ya damu na kama leseni yako haijafika miaka mitatu basi ni sifuri kabisa, kwahiyo kodi dereva au shinda kijiji kimoja kwa miguu.

Mwezi wa kumi kunapendeza sana, ukungu asubuhi na majani mekundu, ila ndo wakati wanavuna Nebbiolo na Alba kuna maonyesho ya trufo nyeupe (aina ya uyoga wa ghali unaoota chini ya ardhi), vyumba bei juu na wakulima hawana nafasi na wewe. Mwezi wa tano au wa sita unapata mtu wa kukaa na wewe akuelezee vizuri.

Usiende tu kugonga mlango wa mzalishaji. Andika imeili wiki mbili tatu kabla, sema mko wangapi na mnataka saa ngapi, sababu mashamba mengi ni ya familia na anayekumiminia mara nyingi ndo mwenye shamba mwenyewe. Mchana wanafunga wakale. Kama hujapata nafasi popote, ndani ya ngome ya Barolo kuna enoteca ya mkoa, yaani nyumba ya kuonja na kununua waini, unaweza kuonja za wazalishaji tofauti, na Barbaresco nako ipo, imewekwa kwenye kanisa la zamani.

Sasa kuonja kwenyewe, hapa usiwe na haraka. Anza na nyepesi uje na nzito: Dolcetto, alafu Barbera (hizo ni zabibu nyingine nyekundu za hukohuko), alafu Langhe Nebbiolo, ile Nebbiolo ya kawaida, ndo uje Barbaresco na umalizie na Barolo, ukianza na Barolo hizo nyingine zote zitakuwa kama maji. Iinamishe glasi juu ya karatasi nyeupe, utaona Nebbiolo rangi yake sio nzito, pembeni inaenda kwenye rangi ya tofali, wengi wanaiona hivyo wanadhani ni dhaifu. Zungusha, nusa. Wenyewe wanasema waridi na lami na kweli, kuna ua na kuna ile harufu ya lami iliyopigwa jua. Alafu piga funda dogo uisambaze mdomo mzima. Kama umezoea Dodoma tamu jiandae, hapa sukari hakuna, na kuna ukakasi, ule wa bibo au chai ya rangi iliyokaa jikoni mpaka ikapitiliza, fizi zinakauka. Huo ukakasi sio ubovu jamani, ndo unaoifanya ikae miaka na miaka. Ndo maana sheria inataka Barolo ikae miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo kwenye mapipa ya mbao, Barbaresco ni 26. Na tema, chombo kipo mezani kwa kazi hiyo, hakuna atakayekushangaa.

Uliza pia shamba liko upande gani. Barolo za kijiji cha La Morra kwa kawaida ni laini zina manukato, za kijiji cha Serralunga d'Alba ni ngumu zinataka subira. Mkipata hizo mbili za mavuno ya mwaka uleule mezani kwa pamoja, hapo ndo utaelewa kwanini watu wanagombania kilima.

Mchana agiza tajarin, tambi nyembamba za mayai, au nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu na Barolo. Ile waini iliyokukaba asubuhi ukiinywa na nyama inalainika kabisa.

Kununua, angalia shingoni mwa chupa kuna kikaratasi cha DOCG, daraja la juu kabisa la waini za Italia. Za kunywa mwaka huu chukua Barbera, bei rahisi na ukakasi wake ni mdogo. Barolo changa usiifungue mapema, ilaze sehemu yenye giza na baridi, na siku ukiifungua imimine kwenye jagi masaa mawili matatu kabla wageni hawajafika.