Jozi ya kumi unapotangulia kucheza

Barazani kwetu Malindi tunacheza poka kwa komwe za bao badala ya fedha, na karata zinazowapotezea watu komwe nyingi ni jozi ya kumi, yaani kumi mbili mkononi, mbele ya mpinzani anayecheza baada yao. Tuseme mezani zimefunuliwa karata tatu za kutumiwa na wote, tisa ya shupaza, saba ya shupaza na nne ya kopa: huenda jozi yako inaongoza, lakini kati ya karata 47 usizoziona, 16 ni kubwa kuliko kumi, mbali na shupaza ambazo mwenzako huenda anazisubiri ili apate tano za aina moja, zinazoshinda jozi. Ukilipia dau lake tu, utatangulia tena ikifunuliwa karata ya nne mezani, bila kujua alicho nacho. Ikiwa katikati pana komwe 60 naye ameweka 30, mimi huongeza hadi 100, ili anayesubiri shupaza ya tano alipe 70 zaidi kwa karata ambayo hutokea takriban mara moja katika tano. Akiongeza tena juu ya hapo, huitupa jozi yangu, japo kwa uchungu. Tukiwa sote wawili tuna marundo makubwa, hulipia tu, kwani sipendi kuiwekea jozi moja komwe 300.