Pumu ya ngozi: panga jioni ili muwasho usikunyime usingizi

Mimi ni muuguzi kwenye kliniki ya ngozi hapa Mwanza. Akina mama huniuliza hivi kila mara: "Sista, nimpake nini huyu mtoto alale?" Muwasho wa pumu ya ngozi (ekzema) hupamba moto usiku, kwa hiyo kazi yenyewe ifanyike jioni, kati ya magharibi na kulala.

Kwanza ujue unatibu nini. Pumu ya ngozi hupenda mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti na shingoni. Kwa mtoto mchanga huanzia mashavuni. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tazama sehemu iliyogeuka kuwa ya zambarau au kijivujivu, yenye vipele vidogo na inayokwaruza kama msasa. Kama nyumba nzima inajikuna na vipele viko katikati ya vidole, huo huenda ni ugonjwa wa upele unaoletwa na wadudu wadogo, na dawa yake ni nyingine. Muwasho ulioanza mara tu baada ya kuoga ziwani unaweza kuwa wa vijidudu vya kichocho. Pumu ya ngozi haiambukizi hata kidogo. Mtoto alale na wenzake, na mwalimu wake aambiwe hivyo.

Hatua ya 1: Kuoga. Tumia maji ya vuguvugu, dakika 5 hadi 10. Maji ya moto huleta raha ya muda mfupi, kisha muwasho unarudi na nguvu zaidi. Weka kando dodoki, sabuni ya magadi na sabuni za kuua vijidudu. Sabuni isiyo na manukato inatosha, tena kwapani, sehemu za siri na miguuni tu. Wanaochota maji ziwani wayaache siku mbili kwenye pipa safi lenye mfuniko. Vijidudu vya kichocho huwa vimekufa.

Hatua ya 2: Dawa, ukiwa umeandikiwa. Kausha mwili kwa kugusagusa na khanga, usisugue. Paka krimu ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza muwasho na uvimbe wa ngozi, kwenye sehemu zinazowasha tu. Kipimo ni kidole cha mtu mzima: kamua krimu kutoka kwenye ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye kiungo cha kwanza. Hiyo ni nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake.

Najua wengi mnaiogopa, kwa sababu mmeona ngozi zilivyoharibiwa na mkorogo. Hofu hiyo ina msingi: krimu nyingi za kujichubua zimetiwa steroidi kali, na watu huzipaka uso mzima kila siku kwa miaka. Haidrokotisoni ya asilimia 1, ambayo ni steroidi hafifu, kwa siku chache, kama ulivyoelekezwa, ni jambo tofauti kabisa. Mtoto anayeacha dawa katikati kwa hofu hurudi kwetu akiwa na vidonda. Ninachokuomba usinunue ni ile mirija ya mchanganyiko wa steroidi, dawa ya fangasi na antibiotiki, unayopewa dukani bila hata ngozi kutazamwa.

Hatua ya 3: Mafuta, ngozi ikiwa bado na unyevu. Ngozi yenye pumu haishiki maji. Yanatoka, na vumbi na sabuni vinapenya. Ndani ya dakika 3 hivi baada ya kuoga, paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu sehemu zilizobaki. Pale ulipoweka dawa, subiri nusu saa. Chota kwa kijiko kisafi, usiingize vidole koponi. Pitisha mkono kufuata vinyweleo vinakolala, vinginevyo utaleta vijipu. Mtoto aliyeathirika mwili mzima anaweza kumaliza robo kilo kwa wiki, kwa hiyo nunua kopo kubwa. Mchana wa jua kali akitoka jasho, mpake krimu nyepesi. Kiangazi cha Juni hadi Agosti, ongeza mara za kupaka.

Hatua ya 4: Kitambaa chenye maji, usiku ukiwa mgumu. Chukua fulana ya pamba au kipande cha khanga kuukuu, lowesha kwa maji ya vuguvugu, kamua mpaka isidondoke. Mvalishe juu ya mafuta, kisha nguo kavu juu yake. Usifanye hivi penye usaha, wala juu ya steroidi kali bila daktari kukuambia.

Hatua ya 5: Mikono. Kata kucha fupi, mvalishe soksi za pamba mikononi. Muwasho ukimjia, bonyeza panapowasha kwa kiganja au weka kitambaa cha maji baridi. Vidonge vya aleji vinavyoleta usingizi humlaza tu, muwasho wenyewe haviutibu.

Ninyi mnaoanika dagaa na kuparua samaki pale Mwaloni Kirumba, mikono hupasuka kwa maji na chumvi. Vaeni glavu za pamba ndani ya zile za mpira, na mkimaliza suuzeni kwa maji safi, pakeni mafuta palepale.

Usisubiri ukiona usaha au magamba ya rangi ya asali: mpeleke kituo cha afya. Malengelenge au vidonda vidogo vingi vinavyofanana, vikija na homa, ni vya hospitali siku hiyohiyo, hasa vikiwa karibu na macho.